Bukhari 9214

Saa 11 alfajiri. Nimeshaswali, mtoto kalala. Nasahihisha kazi za wanafunzi za takhriji, yaani kutaja hadithi imetoka kitabu gani, kwenye simu kabla bando la usiku halijakwisha. Ya saba: "Tafuteni elimu japo China", kaipokea Bukhari, namba 9214. Nikacheka peke yangu. Sahihi Bukhari, kitabu chake cha hadithi, kwa namba zinazotumika siku hizi, inaishia 7563.

Saa 1 na nusu. Daladala, nimesimama mpaka chuoni.

Saa 3. Chumba cha kompyuta: wanafunzi 30, mashine zinazowaka 14. Kibodi hazina herufi za Kiarabu, kwa hiyo somo linaanzia vidoleni: alif iko kwenye H, shin kwenye A, lam kwenye G. Kuna kijana kahifadhi juzuu zote 30, lakini nun anaitafuta kwa kidole kimoja kama kuku anayedona mtama. Simcheki. Mimi nilibandika vikaratasi mwaka mzima.

Saa 4 intaneti ikakata. Si neno, Al-Maktaba al-Shamila, maktaba ya kwenye kompyuta, tumeshaigawa kwa flashi, maelfu ya vitabu, wala haidai mtandao. Nikawaambia waitafute ile ya China. Kwa Bukhari haimo. Ikatoka kwa al-Bayhaqi, mkusanyaji mwingine wa hadithi, kisha kwa Ibn al-Jawzi ndani ya al-Mawdhuat, kitabu alichokusanyia hadithi za kuzushwa.

"Ustadha, mbona akili mnemba imeniandikia na namba kabisa?"

Namba ndiyo iliyomponza. Ingekuja bila namba angeishuku.

Saa 7 mchana, baada ya Adhuhuri, nikamsimulia maalim wetu mmoja mtu mzima, asiyegusa kompyuta. Hakuuliza programu gani. "Hiyo kaiweka mlango gani?"

Nikanyamaza. Bukhari kapanga kwa vitabu na milango, yaani kwa mada, na Kitabu cha Elimu ni cha tatu, huko mwanzoni. Hadithi ya elimu itafuata nini kwenye maelfu ya mwisho? Kumbe hata hesabu ya 7563 haikuhitajika, na mimi hilo sikuwahi kuwafundisha.

Saa 10. Nimeibadilisha fomu ya takhriji wanayojaza: kitabu, mlango, juzuu, ukurasa, na picha ya ukurasa wenyewe kutoka nakala ya maktabani, maana Shamila nayo imechapwa na binadamu, ina makosa yake. Wenzangu wanasema nawatesa watoto wa watu. Huenda.

Saa 3 usiku simu ikalia. Picha ya ukurasa, dole gumba limeziba nusu ya mstari. "Ustadha, ndiyo hii?"

Ndiyo, mwanangu. Piga tena, utoe dole.