Malalamiko ya ubaguzi kazini: ninavyoyashughulikia

Kazi yangu ni ya faili za wafanyakazi, hoteli na maghala hapa Mombasa, na kitu cha kwanza ninachomwambia mwajiri ni hiki: kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka yeye athibitishe kuwa hakubagua. Mtu akidai amenyimwa cheo kwa sababu ya mimba, kabila, dini au ulemavu, atakayeulizwa alama za usaili ziko wapi ni mwajiri. Faili tupu ni kesi iliyopotea.

Kwa hiyo lalamiko, hata la mdomo, naliandika siku iyo hiyo: nani, maneno gani, tarehe, zamu, nani alikuwepo. Namsomea mlalamishi kwa Kiswahili, anatia sahihi, anabaki na nakala. Picha za kamera nazikimbilia mapema, maana mashine hujifutia zenyewe. Kisha ratiba za zamu, orodha ya mishahara, na jumbe za kundi la WhatsApp la kazini.

Halafu nalinganisha. Dada wa mapokezi amekatazwa hijabu: je, katazo lina uhusiano wowote na kazi yake? Kwenye mashine inayozunguka kitambaa kinaweza kuwa hatari. Mapokezi sioni sababu.

Msimamizi anayelaumiwa hachunguzi. Anapewa tuhuma kwa maandishi na muda wa kujibu. Ikifika hatua ya kumfuta, kifungu cha 41 kinataka aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na asikilizwe. Ukiruka hapo, mbaguzi mwenyewe anaweza kukushtaki na kulipwa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni kumhamisha mlalamishi “kwa usalama wake”, mara nyingi zamu ya usiku. Yeye ataiona kama adhabu, na hakimu pia. Kulalamika si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, kifungu cha 46 kimesema, isipokuwa ithibitike kuwa lalamiko ni la ovyo na halina msingi. Lazima mmoja asogee? Asogee mlaumiwa, mshahara wake ukiendelea.

Mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono, aliyoitunga baada ya kushauriana nao. Iliyonakiliwa kutoka kampuni nyingine hujulikana mara moja: hutaja vyeo ambavyo hapo havipo.