Mkanda wa Injini ya Lori Unapolia: Namna ya Kutafuta Chanzo Chake

Lori likianza kupiga mluzi upande wa mbele wa injini, wenye magari wengi hufanya moja kati ya mambo matatu: hununua mkanda mpya, hukaza ule uliopo, au humruhusu utingo aupake sabuni ili kelele iishe na safari iendelee. Ninafanya kazi ya kutengeneza malori ya mizigo Morogoro, mahali ambapo magari yanayokwenda Iringa, Mbeya na Tunduma hupita kabla ya kuukabili mlima Kitonga, na kwa yale niliyoyaona ninasadiki kwamba mkanda wenyewe si mkosaji mara nyingi kama tunavyodhani. Unalia kwa sababu ya kitu kingine kilichoungana nao, kama vile puli (gurudumu linalopitiwa na mkanda) isiyokaa sawa na wenzake, beringi iliyokwisha, oili inayoudondokea, au mkazo usio sahihi. Mkanda mpya hunyamaza kwa siku chache kwa kuwa mpira wake haujachakaa na unashika vizuri, kisha kelele hurudi ileile, na mwenye gari huamini kwamba ameuziwa mkanda bandia.

Jambo hili halipaswi kuchukuliwa kama kero ya masikio tu. Mkanda huo ndio unaozungusha alteneta, yaani mashine ya kuzalisha umeme wa gari, na pampu ya maji, na katika malori mengi huzungusha pia feni, pampu ya usukani na kompresa ya kiyoyozi. Lori lililojaa likipanda Kitonga kwa gia ndogo, injini inafanya kazi kubwa huku upepo unaopita kwenye rejeta ni mdogo, hivyo kupoa kwake kunategemea feni na pampu ya maji kwa kiasi kikubwa. Mkanda ukiteleza hapo, vyote viwili huzunguka polepole kuliko inavyohitajika, na mshale wa joto hupanda wakati dereva hana hata mahali pazuri pa kuegesha.

Kabla ya kushika spana, sikiliza aina ya mlio na wakati unapotokea. Mluzi mrefu na mkali unaotokea unapowasha gari asubuhi, unapokanyaga mafuta ghafla, au unapokata usukani hadi mwisho, kwa kawaida ni mkanda unaoteleza. Asubuhi alteneta ina mzigo mkubwa, kwa sababu inarudisha umeme ambao stata imeutumia kwenye betri. Usukani ukikatwa hadi mwisho, ni pampu yake inayokuwa nzito. Kwa hiyo mzigo uliouleta mlio unakuonyesha puli ya kuanza nayo. Mlio wa pili ni mfupi, wa kukatikakatika kama vifaranga, unaosikika zaidi injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, na kupungua au kufifia mzunguko unapoongezeka. Huo mara nyingi hutokana na puli zisizo kwenye mstari mmoja. Wa tatu si mluzi, bali ni mngurumo au sauti ya kusaga inayoongezeka kadiri injini inavyozunguka haraka, na hapo shaka ya kwanza iwe beringi.

Zima injini, chomoa ufunguo, na kwa usalama legeza waya wa betri kabla ya kupeleka mkono karibu na feni. Malori ya Kijapani ya zamani, kama Fuso na Isuzu nyingi zilizopo barabarani kwetu, hutumia mikanda ya umbo la V, mara nyingi miwili ikienda sambamba. Mkanda wa aina hii hushika kwa mbavu zake za pembeni na haukusudiwi kugusa chini ya mfereji wa puli. Mulika tochi ndani ya mfereji: ukiona chini kabisa pamesuguliwa hadi panang'aa, basi ama mkanda umekwisha na kuzama, ama si wa kipimo chake, ama kuta za puli zimelika. Katika hali hiyo hata ukaze vipi utateleza tu. Zipindue pia mbavu zenyewe uziangalie, kwa sababu zikiwa zimekauka na kung'aa kama zimepigwa vanishi, mpira umeshaungua kwa kuteleza na hautashika tena. Kuhusu mkazo, bonyeza kwa kidole gumba katikati ya nafasi ndefu kati ya puli mbili kwa nguvu ya takriban kilo 10. Kwa mikanda mingi ya namna hii kushuka kwa milimita 10 hadi 15 kunatosha, ingawa kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Mikanda ikiwa miwili, ibadilishwe yote kwa pamoja, maana mpya uliofungwa pamoja na uliovutika ndio utakaobeba mzigo wote.

Malori mapya zaidi hutumia mkanda mpana wenye mifereji mingi midogo, ambao huandikwa kwa mfano 8PK1420, yaani mifereji minane na urefu wa milimita 1420. Mikanda ya sasa ya aina hii hutengenezwa kwa mpira wa EPDM ambao haupasuki haraka kama ule wa zamani, bali hulika kimyakimya, mifereji ikipanuka hadi mkanda unakaa chini zaidi kwenye puli. Kwa hiyo kutoona nyufa si ushahidi kwamba mkanda ni mzima. Kipimo kidogo cha plastiki cha kuangalia kina cha mifereji ni kifaa cha bei ndogo, na ningependa kila gereji iwe nacho. Mkazo wa mkanda huu hutoka kwa tenshena, puli yenye springi. Iangalie injini ikiwa kwenye sailensa, na ukiona mkono wake unarukaruka kwa nguvu badala ya kutikisika kidogo, ama springi imechoka ama kuna puli nyingine inayoutikisa mkanda.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa mkanda wa mifereji ni maji. Injini ikiwa inalia, simama mbali na feni na unyunyize maji safi kidogo kwa chupa kwenye upande wenye mifereji, bila kuilowesha alteneta. Mlio ukikoma mara moja kisha ukarudi maji yanapokauka, tafuta puli iliyo nje ya mstari. Mlio ukizidi palepale, mkanda unateleza, na tatizo ni mkazo au puli nzito. Maji hupunguza msuguano, ndiyo maana huunyamazisha mkanda unaojisugua kwa upande na kuuzidishia ubaya mkanda ambao tayari haushiki. Kipimo hiki hakihitaji mashine yoyote, nacho hukuondolea nusu ya kubahatisha.

Mlio ukiwa wa kusaga, legeza mkanda uutoe kabisa, kisha uwashe injini kwa muda usiofika dakika moja, kwa sababu pampu ya maji haizunguki. Usiliendeshe lori katika hali hiyo. Katika malori mengi madogo ya dizeli ya Kijapani, pampu ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa, inayosaidia breki imefungwa nyuma ya alteneta, nayo itakuwa imesimama. Kelele ikitoweka, ipo katika kitu kinachozungushwa na mkanda. Ikibaki, usinunue mkanda wala beringi. Kompresa ya upepo wa breki katika injini nyingi kubwa huendeshwa kwa gia, na gasketi ya manifoldi ya moshi inayovuja nayo hutoa mlio mfupi unaofanana sana na wa mkanda, hasa injini ikiwa baridi.

Mkanda ukiwa umetoka, zungusha kila puli kwa mkono, moja baada ya nyingine, polepole. Puli nzuri huzunguka kimya na kwa uzito uleule duara zima. Ukihisi mchanga ndani, ukisikia mkwaruzo, au puli ikicheza unapoitikisa mbele na nyuma, umekipata kilichokuwa kinalia. Pampu ya maji ina tundu dogo chini ya shafti yake, na alama ya maji yaliyokaukia hapo hukwambia kwamba sili, mpira wa kuzuia uvujaji, imekwisha na beringi inafuata. Katika alteneta, beringi ya mbele ndiyo hufa kwanza kwa kuwa inabeba mvuto wa mkanda. Soma namba iliyochongwa pembeni kabla ya kwenda dukani. Beringi ya 6303, kwa mfano, ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje cha milimita 47 na unene wa milimita 14, na kwa vumbi la barabara zetu chagua yenye mfuniko wa mpira pande zote mbili.

Kuhusu mstari wa puli, weka rula ndefu ya chuma iliyonyooka usoni mwa puli mbili na uangalie mwanya. Nimewahi kuletewa Fuso iliyokwisha kubadilishiwa mikanda mara kadhaa kwingine, kumbe alteneta ilirudishwa bila spesa yake, kile kipande cha kujazia nafasi, kwenye braketi na puli ikakaa nyuma kwa milimita chache tu. Spesa iliporudishwa, mlio ukaisha, na mikanda ileile ikaendelea na kazi. Puli ya krenki, shafti kuu ya injini inayouzungusha mkanda, nayo isisahauliwe. Nyingi zina tabaka la mpira kati ya kitovu na duara la nje, na mpira huo ukiachia, duara huyumba au huteleza juu ya kitovu chake, mkanda ukilia bila kosa lolote.

Sabuni na nta ya mshumaa ninazikataa kabisa, kwa sababu hunasa vumbi, huacha utando kwenye puli na kuificha dalili ambayo ingetuongoza. Oili ni mbaya zaidi, maana huuvimbisha mpira; mkanda uliolowa oili ubadilishwe, lakini baada ya sili ya krenki au mahali panapovuja kutengenezwa na puli zote kuoshwa na kukaushwa. Kukaza kupita kiasi nako hununua kimya cha muda kwa gharama ya beringi za alteneta na pampu ya maji, ambazo bei yake huizidi ya mkanda mara nyingi.

Ukishafunga mkanda mpya wa V, washa injini kwa dakika 10 hadi 15, izime, iache ipoe, kisha pima mkazo tena kwa kidole, kwa sababu mkanda mpya huvutika na kukaa kwenye mifereji yake. Rudia kipimo hicho baada ya kilomita mia chache za kwanza. Kwa lori linalotoka Dar es Salaam na mzigo, kituo cha Morogoro kinafaa, kwani kinaacha nafasi ya kurekebisha kabla ya milima.