Ufagio umekwenda wapi

Alhamisi, usiku.

Leo kwenye kikao cha MEWAKA nimefunga mdomo, na ndiyo mara ya kwanza kikao chetu kimepitiliza muda.

Kwa asiye mwalimu: MEWAKA ni Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, mpango wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Walimu wa shule moja mnakaa wenyewe mnafundishana, badala ya kungojea semina ya wilayani anayokwenda mmoja na kurudi na begi jipya. Mtaala mpya ulipoanza mwaka 2024 mambo ya kujadili yaliongezeka, na mimi nikachaguliwa mwezeshaji. Sifa yangu kubwa ilikuwa kujua kufungua moduli kwenye kishikwambi, hivi tulivyogawiwa baada ya sensa ya 2022.

Nilichofanya tangu hapo ni kusoma moduli kwa sauti. Wenzangu wanasahihisha madaftari, mmoja anachati, daftari la mahudhurio linazunguka. Nikiuliza "Kuna swali?" najibiwa na panka. Halafu tunapiga picha, inakwenda kata, basi tumeshajifunza. Nyumbani nililalamika kwamba walimu wetu hawajitumi. Kumbe mtu ukiongea dakika arobaini, mwenzio ajitume saa ngapi?

Leo kishikwambi hakikuwa na chaji (sikupanga, umeme ulikatika tangu jana). Nikachukua madaftari matano ya darasa langu la tano nikayatandaza mezani. Swali: 402 kutoa 178. Wote watano wameandika 376. Nikasema, "Jamani, hawa hawakuibiana, nimewakalisha mbalimbali. Wamefanyaje?" Nikakaa.

Kimya. Nilikaribia kujibu mwenyewe, ulimi ukiniwasha. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye siku zote husema hesabu hazimhusu, akavuta daftari moja: "Mbona nne toa moja ni tatu, iko sawa?" Mwingine akasogeza kiti: "Saba toa sifuri, saba. Nane toa mbili, sita. Wanatoa ndogo kwenye kubwa, popote ilipo!" Hakuna aliyekopa. Mtoto hajali ipi iko juu.

Ndipo mama wa darasa la pili akaongea. Karibu anastaafu, na kwenye vikao vyangu vyote nilikuwa sijasikia sauti yake zaidi ya kuitikia shikamoo. Akavua miwani.

"Huo wimbo ni wangu. 'Kubwa toa ndogo, kubwa toa ndogo.' Nawaimbisha wakiwa na tarakimu moja, kwa sababu hawajui kwenda chini ya sifuri. Wanakuja nao mpaka kwako."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa la tatu akasema naye anaukuta huo wimbo na huwa anauacha, kwa kuwa mitihani ya mwezi haina sifuri katikati. Hapo maneno yakaanza kupandana: nani aufute, darasa gani, kwa vijiti au kwa ubao. Mwalimu mkuu alichungulia mara mbili akidhani tunagombana. Daftari la mahudhurio tulilisahau kabisa.

Nilimfuata yule mama nje, nikamwomba aongoze Alhamisi ijayo.

"Mimi si mtu wa kusimama mbele za watu, mwanangu."

"Kaa hapohapo ulipokaa, mama."

Akafikiri. Ataongoza, lakini asipigwe picha. Na nimletee vijiti 402: mafungu manne ya mia mia na viwili pembeni, maana anataka kila mwalimu afungue fungu la mia kwa mkono wake, apate mafungu kumi ya kumi kumi, ndipo aone ile sifuri inapokopea.

Kata nitawatumia nini badala ya picha, sijui. Sasa hivi ni saa nne usiku, nimefika kijiti cha 230, na mke wangu ameshauliza mara mbili ufagio wake wa chelewa umekwenda wapi.