Baridi ya Julai imenishinda, tumevuta trela hadi pwani

Nairobi mwezi wa saba si mnaijua, jua halionekani hata siku tatu, unaoga maji moto na bado unatetemeka, na jiko la makaa halisaidii sana. Mama watoto akasema inatosha. Tukaazima katrela ka kulala ka shemeji, tukakafunga nyuma ya gari, tukatoka saa kumi alfajiri kabla malori hayajajaa Mlolongo.

Ukivuta trela Mombasa Road usijaribu mambo ya kuovateki ovyo, kile kitu kinayumba kila lori likikupita. Karibu na Mtito Andei nikasikia harufu ya kuungua, kumbe bearing ya gurudumu la kushoto imekauka kabisa, habu (kile kitovu cha gurudumu) ni moto kama sufuria. Fundi akaitoa, akaosha na petroli, akaishindilia grisi kwa kiganja huku akinicheka, "Mzee, hii mliangalia lini?" Nikanyamaza. (Shemeji, nikirudi tutaongea.)

Kufika Voi masweta yote yako kwa buti. Siku hizi unakatia barabara ya Dongo Kundu inayokupeleka pwani ya kusini, hakuna foleni ya feri Likoni, na jioni tulikuwa Tiwi tumepaki chini ya minazi. Bahari yenyewe Julai si ile ya postikadi, upepo wa kusi unavuma, mwani umejaa ufuoni na usiku turubai linapigapiga mpaka unaamka kukaza kamba, lakini nilitoka kukaza na kaptula tu, bila shati, saa nane usiku.