Tulilala Tikal, na bado nashukuru

Kila aliyesikia tunakwenda Tikal, magofu ya mji wa kale wa Wamaya msituni Guatemala, alitupa ushauri uleule: laleni mjini Flores, pandeni gari la watalii asubuhi, zungukeni masaa matatu, jioni mrudi ziwani mle samaki. Mmoja alituapia kwamba kulala ndani ya hifadhi ni kutafuta nyoka na malaria. Mimi na Mghoi tulitoka Houston tunakofanya kazi, tukaingia Guatemala na mabegi yetu ya mgongoni, tukapanda basi la usiku hadi Petén, jimbo la kaskazini iliko Tikal, na tukalala humohumo hifadhini siku mbili. Ni uamuzi bora kabisa wa safari ile.

Kutoka Flores kuna magari madogo yanaitwa colectivo. Kwetu Kenya tungeyaita matatu tu. Mwendo ni kama saa moja na nusu. Kiingilio tulilipa kama quetzal 150 (pesa ya Guatemala) kila mmoja, na malazi hayakuzidi bei ya chakula cha jioni Houston. Bebeni pesa taslimu.

Tulikodi bembea za kulalia zenye chandarua, chini ya paa la makuti. Usiku wa kwanza nilijilaza kama kitandani, kichwa huku na miguu kule. Mgongo ukapinda kama ndizi. Kufika saa nane baridi ilikuwa inanipenya kutoka chini. Nikavaa kila nguo iliyokuwa begini, haikusaidia. Nikatandika koti la mvua, likawa linateleza kila nikigeuka, mara iko miguuni, mara iko sakafuni. Ndipo kwenye saa kumi pakanguruma.

Mimi nimezaliwa Voi. Simba wa Tsavo nimewasikia tangu utotoni, na nywele zilinisimama. Mghoi alinishika mkono kupitia chandarua: "Wewe, huyo si simba kweli?" Kumbe ni kima! Kima mwenyewe si mkubwa kuliko mbwa, ila kooni ana mfupa ulio wazi ndani kama kibuyu, na sauti yake inavuka msitu mzima. Wa upande mmoja akinyamaza, wa upande wa pili anajibu.

Asubuhi mzee anayetunza kambi alituona tunavyojinyoosha viuno. Hakusema mengi. Alipanda kwenye bembea, akalala mshazari, kichwa kona hii na miguu kona ile, na kitambaa kikatandazika chini yake kama mkeka. Usiku wa pili nikalala hivyohivyo, nikaongeza la kwetu: leso yangu niliikunja mara mbili, nikaitandika mgongoni na kufunga pembe zake kwenye kamba za bembea isiteleze. Nililala hadi kima waliponiamsha. Ukisafiri, usiache leso nyumbani.

Lango lilipofunguliwa saa kumi na mbili, tulikwenda moja kwa moja hadi Hekalu la IV, kule mwisho magharibi, kabla watu wa Flores hawajafika. Ni jengo la karne ya 8, lenye urefu wa mita 65 hivi, na lina ngazi za mbao. Juu tulikuta ukungu mtupu. Mghoi alitaka kushuka, nikamsihi tungoje. Ukungu ulipoanza kuchanika, vilele vya mahekalu mengine vikatokea kimoja kimoja juu ya miti.

Lakini kilichonigusa zaidi ni malambo. Tikal haina mto, na kiangazi cha huko ni cha miezi kadhaa, ilhali waliishi watu makumi ya maelfu. Viwanja vyao walivisakafu kwa lipu ya chokaa na kuviinamisha kidogo, ili kila tone la mvua litiririke hadi kwenye lambo. Anayetoka Voi anaelewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Tulikaa ukingoni mwa lambo lililo nyuma ya Akropoli ya Kati, kundi la majumba ya kale katikati ya magofu; lambo lenyewe sasa limeota miti. Mghoi alilitazama muda mrefu, akasema, "Mama angeliona hili." Mama yake alichota maji kwa mtungi, kilomita nyingi, hadi Mghoi alipomaliza shule.

Colectivo ya saa sita ikatuacha. Tulipanda ya jioni.