Spika za mjomba na noti moja iliyokuwa inavuma

Mjomba wangu wa Tanga ana spika mbili za kampuni ya AR, modeli ya 2ax, alizoachiwa na familia ya Wamarekani aliokuwa anawaendesha zamani Dar, walipomaliza mkataba wao wakauza vitu vya nyumbani na yeye wakampa spika na ampli kama shukrani. Alipostaafu akahamia nazo Tanga. Mi nimezikuta zimefunikwa vitambaa vya kufuma, juu yake maua ya plastiki, hazijalia miaka, na kila fundi aliyeitwa alikuwa anasema hivo hivo, wufa (zile spika kubwa za besi) zimeoza, twita (zile ndogo za sauti kali) zimekufa, nunua sabufa mzee. Mwisho akanunua kweli, ile yenye mataa ya bluu, ila alikuwa anaiwasha kusikilizia taarifa ya habari tu, muziki hakuweka.

Ninayoisimulia hapa ni ya 2016, wakati wa masika, nilienda Tanga likizo nikamwambia mjomba safari hii hizi spika tunazifungua. Akanijibu, "Mpwa wangu, zifungue, lakini usiziue." Mi nilikuwa najua ni spika za namna gani na ndo maana nilikuwa na hamu nazo. AR ni Acoustic Research, kampuni iliyoanzia Cambridge kule Massachusetts, Marekani, na spika yao ya kwanza, AR-1, ilitoka 1954. Zamani ukitaka besi ya maana ilibidi uwe na kabati kubwa, Edgar Villchur akaja na wazo jingine, achukue boksi dogo alizibe kabisa lisipitishe hewa, koni, ile karatasi inayosukuma hewa, aishikize kwa ulaini icheze kirahisi, alafu ile hewa iliyofungiwa ndani ndo iwe springi yake. Ikafanya kazi, na spika nyingi ndogo zenye besi nzuri zilizokuja baada ya hapo zilifuata njia hiyo.

Sasa ubaya wa hizi za miaka ya 70 ni lile sponji linalozunguka koni. Sponji lile huwa linadumu miaka 15 au 20 hivi, baada ya hapo linaanza kuoza lenyewe hata kama spika haikupigwa, na unyevu unaliharakisha, kwaiyo fikiria Tanga, nyumba iko jirani na bahari, madirisha wazi mwaka mzima. Nilipotoa kitambaa cha mbele nikagusa lile sponji kwa kidole likabaki kidoleni, jeusi, linanata kama lami ya saa sita mchana. Lakini koni zenyewe zilikuwa nzima, na hapo ndo nikapata moyo.

Nikazibeba mpaka kwa fundi redio mmoja mzee sana wa Ngamiani, kibanda chake kipo uchochoroni, redio za mkulima zimepangwa mpaka darini. Nikamwamkia, akaitikia, akatoa mita yake akapima koili ya wufa ya kwanza, ule waya uliozungushwa unaoisukuma koni, mshale ukacheza, akapima ya pili, ukacheza. "Koili nzima hizi. Aliyesema zimekufa alipima na nini?" Twita nazo akazipima moja moja kwenye waya zake zenyewe, zote mbili hai! Tatizo lilikuwa nyuma ya boksi, kule kuna vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha midi, ile spika ya sauti za kati, kimoja cha twita, ndani yake kuna waya umezungushwa na kiulimi cha shaba kinatembea juu yake, sasa kwenye hizi AR hivo vitu ni ugonjwa unaojulikana, vinashika kutu ya kijani mpaka umeme haupiti tena. Fundi akavifungua, akasugua taratibu kwa msasa laini na steliwulu, akapaka grisi kidogo, akarudisha. Twita ikaanza kutoa sauti pale pale mezani. Mi nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, maana twita za aina ile ukishazikosa hupati mbadala unaofanana.

Sponji mpya na kapasita, vile vifaa vya umeme vinavyozuia besi isiende kwenye twita, binamu yangu wa Muscat ndo aliagiza mtandaoni akanitumia kwa mtu anayekuja. Fundi alisema hata bila hizo kapasita za kuagiza angeweza, unachukua zile za kawaida mbili unaziunganisha hasi kwa hasi, mbili za mikrofaradi 10 zinakupa ya 5 isiyojali chanya na hasi, na ni kweli, ni njia ya mafundi ya miaka mingi. Ila kwa kuwa zilikuwa zimeshafika tukafunga zile za plastiki ambazo hazikauki.

Kazi ya sponji niliifanya mwenyewe fundi akiwa pembeni ananielekeza, na ni kazi ambayo ukiwa na haraka usiiguse. Kwanza unakwangua lile la zamani lote, kwenye chuma na kwenye koni, kwa spiriti na kitambaa, koni ni karatasi kwaiyo mkono uwe mwepesi. Alafu unakata kile kikofia cha katikati kwa wembe, pole pole, ukikitoa unaiona koili imekaa kwenye mwanya wa sumaku, mwanya wenyewe ni mwembamba mno. Fundi akatoa filamu ya eksirei ya zamani akakata vijiti vinne vyembamba, tukavichomeka kuzunguka koili ili ikae katikati kabisa isiegemee upande wowote. Ndo unapaka gundi, ile nyeupe ya maji inayokauka ikawa haionekani, unabandika sponji kwenye koni kwanza, unaacha ishike, alafu ndo unabandika ukingo wa nje kwenye chuma. Kwa unyevu ule wa masika gundi ilichelewa sana kukauka, tukaacha usiku kucha na wufa zimelala chali juu ya meza. Asubuhi tukachomoa vile vijiti, fundi akaikandamiza koni kwa vidole gumba vya mikono miwili, chini juu, chini juu, sikio lake limeinama pale. Kama koili inagusa sumaku utasikia inakwaruza. Haikukwaruza. Akanisogezea na mimi nisikilize.

Kitu kingine, nyuma ya hizi spika hakuna nyekundu na nyeusi, kuna skrubu zimeandikwa 1, 2 na T, sasa ukizifunga moja huku na nyingine kule kinyume, koni moja inatoka nje wakati mwenzake anaingia ndani na besi yote inapotea. Fundi akachukua betri ya redio, ile ya volti moja na nusu, akagusisha tu, koni ikaruka mbele, akaweka alama ya chaki, akafanya na ya pili. Tulipofunga wufa kwenye boksi na kuziba ukingo vizuri nikaisukuma koni ndani nikaiachia, ikarudi taratibu, haikuruka. Hapo unajua boksi halivuji, ile hewa ya Villchur ipo ndani inafanya kazi yake.

Basi tukazirudisha nyumbani, mjomba akazipanga pale pale zilipokuwa siku zote, chini sakafuni, kwenye kona mbili za sebule, katikati yake kabati la vyombo la mkaza mjomba. Nikachomeka flashi yenye nyimbo za dansi za zamani. Mjomba akasimama akaanza kucheza! Majirani wakaja dirishani. Besi ilikuwa nzito mpaka vikombe kabatini vinalia.

Jioni akaja rafiki yake, mzee ambaye ujana wake alikuwa anapiga gitaa la besi kwenye bendi. Akakaribishwa kwenye kochi, akakaa kimya, vidole vyake vya kushoto vinatembea kwenye mkono wa kochi kama anabana nyuzi, wimbo ulipoisha sote tukamwangalia. Akasema, "Spika nzuri. Lakini kuna noti moja inawameza wenzake. Uzi ule mnene kabisa ukipigwa wazi. Hakuna mpiga besi anayepiga hivo, angefukuzwa."

Mimi nilikuwa naisikia ile mvumo ila nilidhani ndo besi yenyewe. Huyu mzee amekaa na ule uzi miaka mingi, anajua ukubwa wake. Uzi mnene wa gitaa la besi ukiwa wazi unatoa hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Nikachukua simu, kuna programu inatoa sauti ya hezi yoyote unayotaka, nikaichomeka kwenye ampli kwa sauti ya chini. Hezi 36, kimya tu. 41, kabati zima likaanza kutetema, vikombe vinagongana. 50, pametulia. Tukachukua futi ya seremala tukapima kutoka ukuta wa kabati mpaka ukuta wa kochi, mita 4.2.

Sasa sikiliza, kwa joto la nyuzi 30 sauti inakimbia kama mita 349 kwa sekunde, ugawe kwa 41 na ushee unapata wimbi la mita 8.4 hivi, yaani karibu urefu wa sebule mara mbili. Wimbi la hivo likishaingia katikati ya kuta mbili za matofali ya saruji halina pa kwenda, linarudi na kurudi linajijaza lenyewe. Na tabia yake ni kwamba ukutani ndo lina nguvu zaidi, katikati ya chumba karibu halipo. Spika zilikuwa zimeegemea ukuta mmoja, na kochi limeegemea ukuta wa pili, yaani tulikuwa tunalichochea pale linapochochewa kirahisi na tunalisikiliza pale linaposikika sana. Nikaiacha ile sauti inalia nikamwambia mzee atembee polepole kutoka kwenye kochi kwenda mbele. Alipofika katikati ya zulia akasimama, akageuka. "Hapa haipo."

Hapo ndo ilianza kazi ya pili na kwangu mimi ilikuwa sawa na ile ya kwa fundi. Watu wengi wanaisema vibaya spika wakati kosa ni la mahali ilipowekwa. Kuna mbinu moja ninayoipenda sana, unachukua spika moja unaiweka kwenye kiti cha msikilizaji, pale kichwa kinapokuwa, unapiga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, alafu wewe ndo unatembea kule zinakotakiwa kukaa spika, umeinama sikio liko kwenye kimo chake, unatafuta mahali ambapo noti zote za besi zinasikika sawa. Ukipapata ndo mahali pa spika, maana njia ya sauti kwenda na kurudi ni ile ile. Nikainama kule mbele ya ukuta, watoto wa jirani wamejaa mlangoni wanacheka, nasogea kidogo kidogo, kwenye kona mvumo, mbele kidogo unapungua, sentimita 70 hivi kutoka ukutani besi ikakaa mstari.

Mkaza mjomba akauliza, "Sasa wageni wangu watapita wapi?" Swali la haki kabisa. Tukakubaliana kabati la vyombo lihamie korido, na akalifurahia hilo maana vikombe vyake vya harusi vilikuwa vinamuumiza roho kila vikigongana. Kochi la mjomba tukalivuta mita moja kutoka ukutani. Seremala wa mtaa wa pili akatutengenezea stendi mbili za mninga za kuinua spika mpaka twita ikawa usawa wa sikio la mtu aliyekaa. Zikakaa mita 2 na kitu kati yake, na kutoka kila moja mpaka kochi kama hivo hivo, pembetatu. Alafu nikachukua kioo cha kunyolea cha mjomba, yeye amekaa kitini, mi nakitembeza ukutani ubavuni mpaka aione twita ndani ya kioo, pale ndo sauti inapogonga ukuta kwanza kabla haijamfikia. Upande wa dirisha palikuwa na pazia zito tayari, upande wa pili ukuta mtupu, tukatundika zulia dogo. Ukipiga kofi sebuleni kabla ya hapo ulikuwa unasikia mlio unaokimbia kwenye kuta, baada ya hapo ukapungua sana. Mkaza mjomba mwenyewe akaweka nukta za rangi ya kucha sakafuni kwenye miguu ya stendi, ili akisogeza kwa ajili ya wageni au kudeki azirudishe pale pale.

Kesho yake mzee wa besi akarudi. Nyimbo zile nyingi ni za mono, yaani spika zote mbili zinatoa sauti ile ile, watu wanafikiri mono haihitaji kupanga spika, lakini mono ndo inakuumbua, maana sauti inatakiwa itokee katikati ambapo hakuna spika yoyote. Ikatokea hapo. Mwimbaji amesimama kati ya stendi mbili, magitaa nyuma yake, na besi sasa inatembea noti kwa noti, kila moja na uzito wake. Mjomba akasema magitaa ni mawili, rafiki yake akasema matatu, wakabishana wakarudisha wimbo tena na tena, mzee anaonyesha kidole hewani, "Huyo! Huyo anayejibu kwa juu!" mpaka mjomba akalisikia la tatu, akakiri kwamba wimbo ule ameucheza ujana wake wote na lile gitaa hakuwahi kujua kama lipo.

Mkaza mjomba akasema dansi imetosha, tuweke taarabu. Tukaweka, ila fidla zikawa kali kidogo, nikaenda nyuma nikazungusha kile kitufe cha twita robo hivi, akanyoosha mkono nisimame, akasema hapo hapo usiguse tena, alafu akaanza kunitajia taarabu anazotaka nimletee nikirudi na mimi nikaziandika kwenye simu, orodha ikawa ndefu kuliko ya mjomba.