Kidole kwenye mwanya wa boneti

Mwaka 2011, baada ya kumaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani miezi mitatu bila la maana, ami alinichukua gerejini kwake Changamwe. Kunyoosha bodi sikujua, kupiga rangi sikujua, ila mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Basi nikapewa kitabu cha kwotesheni, yaani cha kuandikia makadirio ya gharama.

Wiki mbili niliandika anayoyasema yeye. Ijumaa moja akaenda kuswali, na huku nyuma ikaingia teksi, Corolla ya rangi ya silva. Mwenyewe mzee wa Likoni, aliligonga lori kwa nyuma pale Kibarani.

Nililizunguka gari mara moja tu. Bampa lina mkwaruzo na ufa, boneti imekunjika mdomoni, taa zote zinawaka. Nikaandika: bampa kuziba na kupaka rangi, boneti kunyoosha na kupaka rangi. Jumla shilingi 23,500. Mzee akashukuru, akaacha ufunguo, akenda zake kudandia matatu. Mimi nikajiona fundi.

Jumatatu ami akafungua bampa. Plastiki ya bampa ina hila: ikigongwa hubonyea kisha ikarudi, lakini chuma kilicho nyuma yake hakirudi. Kile chuma kilikuwa kimepinda kama upinde, kimeisukuma kondensa ya kiyoyozi mpaka ikaibana rejeta inayopoza maji ya injini, na rejeta inatoka jasho la kijani. Taa ya kushoto, ile niliyoiona nzima kwa sababu inawaka, masikio yake mawili yamekatika. Imeshikwa na skrubu moja.

Ami hakusema kitu. Angefoka ingekuwa nafuu. Alishusha boneti, akanishika mkono, akanitia kidole kwenye mwanya kati ya boneti na fenda ya kulia, lile bati la juu ya gurudumu. Kikaingia. Kushoto, hata ukucha haukupita.

"Hapa ndipo pa kuanzia," akasema. "Kalamu baadaye."

Tukalala chini ya gari na futi, tukapima mshazari, bolti hadi bolti, huku na huku. Vipimo vikapishana milimita 11: chesisi ya mbele imesogea, na gari lazima livutwe kwa mnyororo kabla ya mtu kugusa rangi. Na rangi yenyewe silva! Ukipaka boneti peke yake, kwenye jua la Mombasa itaonekana kiraka. Lazima uivushe kidogo kidogo hadi kwenye fenda zote mbili. Hayo yote hayakuwamo kwenye karatasi yangu.

Jumla mpya ikafika 61,000, tena kwa speya za mtumba.

"Mpigie wewe," ami akasema.

Mzee alifika saa kumi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, Ijumaa uliniambia ishirini na tatu na nusu. Gari limegongwa tena humu ndani?"

Vijana wa msasa wakaangua kicheko. Nikamwonyesha chuma, taa, rejeta, mwisho nikamwomba atie kidole kulia, kisha kushoto. Akanyamaza kitambo. Ami akampunguzia 4,000, nazo zikakatwa kwenye posho yangu, sikuthubutu kuguna.

Siku ya kuchukua gari, rangi mzee hakuitazama kabisa. Alipitisha kidole mwanya wa kulia, akazunguka, akapitisha wa kushoto, ndipo akaomba ufunguo.